Mama Mkwe Nyuma ya Turubai

Siku mama mkwe wangu alipotuma ujumbe kwamba anataka kujiunga na darasa langu la yoga pale Makambako, nilikaa chini. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha wengine kukaa chini, nilikaa vibaya sana.

Kwetu mkwe si mtu wa mchezo. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana, lakini mama huyu ni wa zamani na hana mpango wa kubadilika. Tangu nimwoe binti yake alikuwa hajanipa mkono, hatujala meza moja, na tukikutana njiani yeye ananipisha huku, mimi nampisha kule, mpaka njia inabaki tupu. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mke wangu, hata kama nimekaa pale pale na masikio yangu mawili. "Mwambie mumeo mvua inamnyeshea." Nami namjibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie mama nimeshaiona." Tunaiita heshima, na tuliishi nayo vizuri.

Sasa yoga, kwa asiyeijua, ni kazi ya kuinama, kunyanyua miguu na kubinua sehemu ambazo mkwe hatakiwi hata kujua kwamba unazo.

Mimi mwenyewe sikuitafuta. Nilikuwa mpasua mbao huko Matembwe, mtu wa mabega na kelele, mpaka gogo la mpaini liliponiteremkia mgongoni. Nililala nyumbani Njombe muda mrefu hata watoto wakazoea kunipita kama wanavyolipita kabati. Nilimgombeza mke wangu, nikaigombeza baridi, nikamgombeza jogoo wa jirani kwa kuwika saa zake za kawaida. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwanamume anayelala huku mkewe anatoka na jembe kila asubuhi anajiona mzigo, na zipo siku nilitamani lile gogo lingemaliza kazi yake. Aliyetulisha kipindi hicho ni mama mkwe. Basi la kutoka Makambako lilikuwa halikosi gunia letu la mahindi au maharage, bila neno wala salamu, kwa kuwa hakuwa na njia ya kunisalimia.

Kwenye hospitali ya misheni alikuwepo sista mmoja mfupi mwenye miwani, aliyesomea tiba ya viungo India. Alinitazama pale kitandani akasema, "Tuanze na kupumua."

Nilikasirika. Nimeletwa na mgongo, mtu ananifundisha kupumua, jambo nililolifanya tangu nizaliwe bila msaada wa hospitali!

"Unapumua kama mtu anayetaka kupigana," akasema. "Vuta polepole. Toa polepole."

Nilitaka kumjibu, lakini ilinibidi nitoe pumzi kwanza, na ilipokwisha kutoka nikakuta jibu limetoka nayo.

Tuliendelea hivyo, pumzi kwanza, kisha vidole vya miguu, kisha magoti. Nikaweza kukaa. Nikaweza kusimama. Asubuhi moja niliinama nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, nikabaki nimeinama pale pale nalia juu ya viatu. Sista aliniacha nilie, halafu akaniambia nikafundishe wengine, maana mgongo uliopona usipopewa kazi ya maana utarudi kutafuta magogo.

Ndivyo nilivyoanza Makambako. Pale ambapo malori ya Zambia yanakutana na yale ya Songea, hakosekani mtu aliyeshika kiuno. Mfanyabiashara mmoja alituachia ghala lake la viazi kila Jumamosi. Tulilalia magunia, tukavaa masweta na kofia za sufu, kwa sababu sakafu ile ukiilalia hivi hivi unaamka na ugonjwa mwingine. Nikisema "simama kama mti," madereva wanauliza mti gani, mpaini au mkaratusi, kwa kuwa mkaratusi unayumba. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuchunguza kama hii ni dini mpya. Tulimlaza kwenye gunia, akasinzia, na tangu siku hiyo anawahi kuliko wote.

Mama mkwe, basi. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekaza, anatembea kwa mkongojo, na kulima kumemshinda. Wanawe walioko Dar es Salaam walikata shauri: mvua zikianza hajashika jembe, wanakuja kumchukua akae nao mjini, kwenye chumba chenye feni na televisheni. Kwao ilikuwa huruma. Kwake ilikuwa kama kuwekwa ghalani. Alimwambia mke wangu kwamba akitolewa kwenye shamba lake hatamaliza mwaka, nami nilimwamini, kwa sababu nilishalala ndani bila kazi na ninajua mtu anavyokwisha.

Kwa hiyo sikuweza kukataa. Nilichoweza ni kuazima turubai la lori nikalitundika katikati ya ghala. Upande huu mimi na darasa, upande ule mama na mke wangu, wa kupeleka maneno.

Tatizo likawa maneno yenyewe. Nyonga imezungukwa na majirani ambao mtu hawataji mbele ya mkwe. Paja. Kiuno. Makalio. Nikifika hapo naanza kukohoa. Nikaamua kutumia mlango: nyonga ikawa bawaba, miguu ikawa miimo, na kile kingine nikakiita kiti, ingawa hakuna mlango wenye kiti.

"Mwambie mama alegeze bawaba ya kushoto, halafu anyanyue kiti taratibu."

Mke wangu, ambaye hana subira, akasema, "Mama, inua makalio."

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya turubai: "Mwambie mumeo nimeinua." Madereva walikuwa wamelala chali, wameng'ata kofia zao.

Wiki zikaenda hivyo. Mimi sikujua kama anapona au anazidi kuumia. Nilichosikia ni pumzi zake na mkongojo ukigonga sakafu anapoondoka. Mawingu yakaanza kukusanyika, na kila nilipoyatazama roho iliniuma.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo mke wangu alibaki Njombe na mafua makali, na wanawake wengine wa darasa walikuwa msibani. Nilidhani mama hatakuja. Alikuja. Nikabaki na madereva upande huu, turubai katikati, na hakuna wa kupeleka maneno. Nikaamua kuliambia turubai.

"Anayenisikia anyooshe mguu wa kulia."

"Mwambieni nimenyoosha," mama akasema.

"Kasema kanyoosha, mwalimu," madereva wakaitikia kwa pamoja, kama wanakwaya.

Tulikuwa tunaenda vizuri kabisa, mpaka nikasikia kishindo, na baada yake, "Mama yangu weee!"

Madereva wote walinigeukia. Hakuna aliyekuwa tayari kuingia alipo mama mkwe wa mwalimu. Nikafumba macho, nikanyanyua turubai, nikaingia nikipapasa hewa kama mtu anayetafuta kiberiti umeme umekatika. Nikakanyaga kitu. Ulikuwa mkongojo.

"Fumbua macho, baba, utanikanyaga."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kunifikia bila kupitia kwa mtu. Nikafumbua. Alikuwa amelala ubavu juu ya gunia, kitenge kimefungwa kwa pini mbili kubwa, na chini ya kitenge amevaa suruali ya marehemu mumewe. Nilishangaa alivyo mdogo. Mtu aliyelisha nyumba yangu nzima nilimdhania mkubwa kuliko huyu, na nilimwonea uchungu nikamwonea na upendo, vyote kwa wakati mmoja.

Msuli wa mguu ulikuwa umembana. "Vuta pumzi, mama," nikasema. "Unapumua kama mtu anayetaka kupigana."

"Ndiyo, nataka kupigana!"

"Toa kwanza. Utapigana baadaye."

Akatoa. Nikamwambia naomba mguu. Alitazama bati la paa, akasema, "Chukua." Niliushika unyayo wake, mgumu wa miaka ya shamba, nikausukuma polepole mpaka nikasikia msuli unaachia. Alianza kulia, nami nikaanza.

"Tusilie wote," akaninong'oneza, "watatusikia."

"Tunasikia, mama," madereva wakasema.

Jumamosi iliyofuata alikuja na jogoo wa kuondoa aibu ya kushikwa mguu na mkwe, akanikabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono. Turubai akaagiza libaki, lakini lipandishwe kidogo, kwa sababu alikuwa hanisikii vizuri nikitaja bawaba.

Mvua zikaanza. Kaka mkubwa wa mke wangu akapiga simu kwamba yuko njiani na gari, tukamsaidie kufunga vitu vya mama. Tulifika nyumbani kwa mama, kaka akiwa ndiyo anaegesha. Ndani hakukuwa na mtu. Tulimkuta shambani, katikati ya matuta, anapanda mahindi. Mkongojo ulikuwa umechomekwa mwisho wa tuta na sweta limetundikwa juu yake.

"Mama, nani kakuruhusu?" shemeji akauliza.

Mama akajinyoosha. Nilimwangalia akijinyoosha, kiuno, mgongo, shingo, mpaka juu. "Mwalimu wangu," akasema, akininyooshea jembe. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amesimama na mkono mgongoni kama madereva wangu wote. "Na wewe hapo una nini?"

"Safari tu, mama. Nimeendesha tangu alfajiri."

"Lala chini."

"Mama, ni tope."

"Lala."

Shemeji alinitazama nimwokoe. Nikatazama mawingu. Basi akalala pale kwenye mfereji, na shati lake la ofisini, na mama yake akamsimamia kichwani. "Vuta. Polepole! Hujakimbizwa na mtu. Sasa toa. Hapana, huko ni kupiga chafya, anza upya." Mke wangu alicheka mpaka akashika mti. Mimi sikucheka. Nilisimama kwenye mvua nikiwa nimejaa furaha ambayo sikuijua hata nilipokuwa na mabega yangu ya zamani, kwa sababu nilichopewa na sista kilikuwa kimeshapita kwangu na kinaendelea bila mimi.

Kesho yake, baada ya chai, gari lilirudi Dar es Salaam na shemeji peke yake, kama lilivyokuja.