Siku Kumi na Saba Bila Kusonya

Kwa karibu miaka miwili madam wangu aliamini kwamba nina nyama iliyonasa menoni.

Simlaumu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Kila nilipokuta bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, au mjukuu wake amemwaga juisi kwenye zulia nililotoka kulisafisha, mdomo wangu ulijikunja wenyewe, ulimi ukabana kwenye meno, hewa ikavutwa ndani: mfyooo. Msonyo. Nimesonya tangu utotoni. Nilifundishwa na nyanya yangu, aliyekuwa na msonyo mfupi wa kuku walioingia jikoni, wa wastani wa watu wa kukopa chumvi, na mmoja mrefu sana aliouweka kwa ajili ya babu. Madam, mzaliwa wa Jeddah, hakujua habari hizo. Aliposikia mfyooo akaninunulia vijiti vya kuchokolea meno. Vijiti vilipokwisha bila mafanikio, akanipeleka kwa rafiki yake daktari wa meno. Daktari alinimulika kinywani, akagonga jino moja moja, akatangaza kwamba meno yangu ni mazima kuliko yake. Nilirudi nyumbani na mswaki wa bure.

Ningesema nini? Kwamba siumwi jino, ni zulia ndilo limeniudhi? Nilishukuru, nikapiga mswaki.

Nyumba yetu ilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, na kazi yangu kubwa pale ilikuwa mama yake madam. Wafanyakazi wote tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa. Alikuwa amepita miaka themanini, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na maneno yake alikuwa akiyabana sana. Kwa siku alinipa matatu au manne, na mengi yalihusu sukari kwenye chai. Lakini macho yake hayakupumzika. Nilipika akiniangalia, nilipiga pasi akiniangalia. Hatukuwa maadui, wala siwezi kusema tulikuwa marafiki.

Madam alifundisha historia chuo kikuu. Mwaka ule yeye na wenzake tisa, wanawake wa Jeddah na Riyadh, walijiandikisha kwa safari ya siku kumi kwenye visiwa vya Karibea, kwenda kuona mambo ya Kiafrika yaliyobaki huko: ngoma, vyakula, ibada, namna ya kufunga vilemba. Mama kabira akasema naye anakwenda. Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Na kwa kuwa mama kabira haendi popote bila mtu wa kusukuma kiti, mtu huyo akawa mimi.

Nilimtumia ujumbe wa sauti rafiki yangu, Mkenya mwenzangu anayefanya kazi Aziziya. Alinijibu akicheka mpaka akakohoa.

"Yaani utoke Africa, upitie Saudia, upelekwe Karibea uonyeshwe Africa? Si ungejiangalia tu kwa kioo, mama? Hiyo ni free."

Binti yangu hakucheka. Yuko gredi ya saba, anaishi na dada yangu kule nyumbani. Nilipompigia kumweleza, alisema, "Mum, nataka picha moja tu. Umesimama kando ya bahari. Umesimama tu, huoshi kitu."

Baada ya simu nilizipitia picha nilizokuwa nimemtumia kwa miaka miwili. Kwenye moja nimeshika pasi. Kwenye nyingine sufuria, kwenye nyingine ufagio, na ile niliyoidhania ya starehe, nimekaa kwenye kochi, kumbe nilikuwa nimepakata kapu la nguo. Niliumia. Nikaapa kwamba picha hiyo ataipata.

Ndipo akaja dada yake madam kutoka Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, ambaye alikuwa ameshaajiri Wakenya watatu kabla yangu na alitujua kama anavyojua mfuko wake. Tulikuwa tunaandaa chakula cha mchana. Kifuniko cha sufuria kikanitoka mkononi, kikabingirika mpaka chini ya meza, nami nikasonya. Yule dada akaweka kijiko chini.

"Unajua hiyo sauti ni nini?" akamuuliza madam. Akamweleza yote, kwa kina, huku akiniangalia.

Niliona vijiti vyote vya meno vikipita mbele ya macho ya madam.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili unanidharau, na mimi nakupeleka kwa daktari!"

"Sikukusonya wewe, madam. Nilisonya bomba."

Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu kubwa.

"Halas, basi. Nikisikia tena sauti hiyo kabla hatujapanda ndege, mafi safari, hakuna safari. Utabaki Riyadh kwa dada yangu, na mimi nitamchukua msichana wake."

Dada alikuwa na wavulana sita. Zilibaki siku kumi na tisa.

Mtu asiyesonya hawezi kujua nilivyoteseka. Rafiki yangu wa Aziziya alinishauri niwe na peremende mdomoni muda wote, eti mwenye peremende hasonyi. Nilijaribu. Siku ya pili mjukuu akaficha rimoti ndani ya unga, nikavuta hewa kwa mazoea, peremende ikanikwama kooni nusura nife, na hapo hata kusonya peremende yenyewe siruhusiwi. Nikabuni njia yangu. Nilikuwa nakwenda chumba cha kufulia, nafungua mlango wa mashine, naingiza kichwa, nasonya humo ndani mpaka roho inatulia, nafunga. Mashine ilihifadhi siri vizuri. Siku moja tu nilipotoa kichwa nilimkuta mama kabira mlangoni, kwenye kiti chake, ananiangalia.

"Unatafuta nini?"

"Soksi, mama."

Akaendelea kuniangalia. Kisha akasema chai ya asubuhi haikuwa na sukari.

Siku ya kumi na saba tulikuwa Riyadh, nyumbani kwa yule dada, tukisubiri ndege ya siku mbili mbele. Pasipoti yangu ilikuwa na viza, ikama yangu, kibali cha kuishi, iko sawa, begi limefungwa. Wavulana sita walikuwa wamenipitia juu na chini tangu asubuhi, na sikusonya hata mara moja. Baada ya alasiri kundi lote likakusanyika sebuleni kukutana na mwanamke atakayetuongoza. Alikuwa mzaliwa wa kisiwa kimojawapo cha huko, wa miaka hamsini hivi, anafundisha Kiingereza Riyadh, mweusi kama mimi. Alipoingia na kuvua abaya, gauni lake lilikuwa la njano, na sebule nzima ya dada mtu ikachangamka. Alizungumza Kiingereza, madam akitafsiri kwa wale wasiokielewa.

Alitoa vitu kwenye mkoba, akatuzungushia. Kilemba. Picha za ngoma. Kisha kipande cha mti kilichochongwa bapa, akaeleza kwamba kwao hutumika kusongea unga wa mahindi mpaka ugande, unaliwa na mchuzi. Wale wanawake walikishika kwa ncha za vidole, wakakigeuzageuza, wakakipiga picha. Mimi niliyekuwa nikimimina kahawa nilikaribia kuangusha birika. Ulikuwa mwiko. Kilichokuwa kinapigwa picha pale ni ugali.

"Lakini kuna kitu kimoja hamtakikuta kwenye makumbusho yoyote," akasema. Akakunja mdomo, akasonya.

Nilishtuka nusura niruke. Akasonya tena, taratibu, ili waone ulimi unakaa wapi. Akasema kwao watu husonya mvua, husonya bei ya samaki, husonya serikali. Akasema babu na bibi zao walinyang'anywa kila kitu, majina na miungu na watoto, ila hiki hakikunyang'anywa, kwa sababu mabwana hawakujua kama ni kitu. Mtumwa alitumwa, akaitika, akageuka, akasonya. Hakuna neno lililosemwa, basi ataadhibiwa kwa lipi? Wale wanawake walijaribu, wakatoa sauti za kubusu watoto. Yule mgeni akacheka, kisha akanigeukia mimi.

"Dada yangu, wewe umetoka Afrika yenyewe. Kwenu ipo?"

Madam alikuwa ananiangalia, dada yake alikuwa ananiangalia, na nje nilisikia wavulana sita wakipigana. Nikaikumbuka picha ya binti yangu.

"Hapana," nikasema. "Kwetu hatuna."

"Aa," akasema yule mgeni, na uso wake ukapoa. "Basi labda ni ya upande wa magharibi tu." Akafungua daftari, akaandika.

Aliandika! Kwa neno moja nilikuwa nimemfuta nyanya yangu, pamoja na kuku na babu na jiko lake lote, na sasa ilikuwa kwenye daftari la mwalimu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya watu. Nilitaka kuomba kalamu nifute mwenyewe, lakini nikaendelea kushika birika.

Ndipo nikausikia nyuma yangu. Ulianza chini, ukapanda, ukakaa juu kwa muda, kisha ukakatwa ghafla kwa ulimi. Ulikuwa msonyo mkubwa, wa mtu mzima aliyeudhika kweli. Nikageuka. Alikuwa mama kabira, na alikuwa amenisonya mimi.

"Mwongo," akasema. "Kila siku anaisonya mashine ya kufulia."

Daktari wa meno, aliyekuwa mmoja wa wasafiri, alipiga kofi paja lake. "Kumbe ndiyo yale meno!" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Madam peke yake hakucheka.

"Mama," akasema, "wewe umejifunza wapi?"

"Kwa aliyenilea."

Kisha mama kabira, ambaye siku nzima hutoa maneno manne, akazungumza. Katika nyumba ya baba yake, kule Jeddah ya zamani, kulikuwa na mwanamke mweusi aliyeletwa kutoka Afrika akiwa bado msichana. "Aliletwa," akasema, "hakuja." Ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni. Baba alipomwita, aliitika vizuri kabisa, na akishageuka kwenda, ilisikika sauti ile. Mtoto mgongoni aliisikia kupitia mifupa ya mgongo kabla haijafika masikioni, akaishika.

"Na baba yangu," akasema mama kabira, "maisha yake yote aliamini kwamba mwanamke yule ana jino bovu."

Yule mgeni alikuwa anamwangalia madam, anasubiri tafsiri. Madam akaanza kutafsiri, akafika kwenye jino, akasimama, akatazama zulia, akaanza tena. Alipomaliza alinigeukia. Nilidhani ananifukuza.

"Mwonyeshe," akasema.

Nikaweka birika chini. Nilikuwa na akiba ya siku kumi na saba, na niliitoa yote kwa mkupuo mmoja. Wavulana waliokuwa nje walinyamaza. Yule mgeni alichukua kalamu, akakata mstari kwenye daftari lake, kisha akaja kunikumbatia.

Kwa hiyo nilikwenda. Nitaeleza siku moja tu, tena kidogo tu. Kundi lilikuwa limeshuka ufukweni, nami nikakisukuma kiti cha mama kabira kuelekea maji mpaka magurudumu yakazama kwenye mchanga na kukataa kabisa. Nikasonya. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga pale karibu alinisikia, akakitazama kiti, akasonya na yeye, akaja kunisaidia kusukuma. Mwongozaji wetu wa gauni la njano ndiye aliyepiga picha. Ninayo hadi leo. Nimesimama kando ya bahari, mikono mitupu, mdomo umejikunja. Binti yangu alijibu siku hiyo hiyo: "Mum uko fiti sana. Lakini unamsonya nani?"

Wengine walipokwenda kununua samaki, nilibaki na mama kabira. Alikuwa anaangalia maji.

"Sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi," akasema. "Miaka yote ile. Alifia mikononi mwangu, na sikumuuliza."

Nikamfunika miguu kwa shali. Akanishika kifundo cha mkono.

"Na wewe? Kwenu ni wapi?"

"Kenya, mama."

"Kenya naijua, nimeisikia siku ya ikama yako. Nakuuliza kwenu."

Nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha na kumbeba mwanamke huyu kwa miaka miwili na miezi mitatu. Nikamtajia jina la kijiji chetu. Alikosea mara ya kwanza, akakosea na mara ya pili, nikamrudishia taratibu. Mara ya tatu akalipata sawasawa. Akalirudia tena peke yake, huku bado ameshika mkono wangu.