Laini ya Kisiagi cha Baba

Juzi nilienda Munyaka kumwona shangazi yangu anayesumbuliwa na miguu, na pale palipokuwa na kisiagi cha baba nikakuta wameweka mahali pa kuoshea magari. Kijana mmoja alikuwa anapiga gari maji kwa bomba, povu likiteremka hadi barabarani. Nilisimama kumtazama mpaka akaniuliza kama kuna gari nimeleta. Nikamwambia sina gari, na bado nikaendelea kusimama.

Wewe uliyekulia Eldoret ya wakati wetu sihitaji kukueleza kisiagi ni nini. Wadogo zetu wanaonunua unga wa pakiti ndio wanaohitaji. Ilikuwa nyumba ya mabati, ndani kuna mashine ya stima inayokula mahindi kwa juu na kutema unga kwa chini, na kelele yake ilikuwa inatetemesha meno. Baba alitoka kwao upande wa Busia akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani miaka mingi, na alipoachishwa akanunua mashine ile. Kufikia saa ya chakula cha mchana alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Unga ukitoka bado una moto, na asubuhi za baridi, zile za Julai ambazo ukungu haukubali kuondoka, alikuwa anachota kidogo ananiwekea kiganjani. Nilikuwa naulamba ukiwa mkavu hivyo hivyo, nakohoa, naomba mwingine.

Alinipenda mtu yule, na hakuwa anaficha. Mama aliondoka mapema kwenda kuuza mitumba, kwa hiyo baba ndiye aliyenipikia uji, ndiye aliyenipigia pasi sare kwa pasi ya makaa, na matope ya Munyaka yakizidi alinibeba mabegani hadi lango la shule, viatu vyangu amevishika mkononi ili nifike navyo vikiwa visafi. Wenzangu walinicheka. Mimi huko juu nilikuwa nawatolea ulimi.

Lakini nisikudanganye. Baba alikuwa mtu wa ngumi. Nimemwona akimtoa mlevi nje kwa kumshika kola na mkanda, akamtupa kwenye mtaro kama takataka. Nimemwona akimzaba mteja kofi mpaka kofia ikaruka. Na karibu kila mara sababu ilikuwa moja, laini. Ukifika kwake unaweka ndoo yako, au debe, au karai, nyuma ya chombo cha aliyekutangulia, basi. Kuanzia hapo hata uende nyumbani ukapike, urudi, nafasi yako iko. Stima ikipotea, na ilikuwa inapotea sana, vyombo vilibaki vimejipanga vyenyewe hadi irudi, hata kama ni kesho yake, na hakuna aliyethubutu kusogeza cha mwenzake. Bwana mmoja mkubwa, mzee wa kanisa hata, alisukuma debe la mjane nyuma akaweka lake. Baba alimpiga ngumi moja, jino likaanguka kwenye mahindi, na ikabidi mahindi hayo yachambuliwe upya. Mama alikuwa anasema, "Huyu mtu ataniletea maiti hapa nyumbani, yake ama ya mwingine."

Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa Jumamosi, baada ya mavuno, wakati kila nyumba ina mahindi mapya na laini inatoka mpaka nje. Nilikuwa nimeketi juu ya magunia natafuna muwa. Hata mashine ikinguruma, tulisikia kelele kutoka upande wa barabara, na sote tulijua ni kelele ya nini. Ile ya "Mwizi! Mwizi!" haina mfano. Mara mwanamume mmoja akaingia mbio. Shati lilikuwa limechanika lote, sikio moja linaning'inia, damu imemjaa mpaka kwenye meno. Alitazama ukuta wa nyuma akaona hakuna mlango mwingine. Basi akanyakua ndoo tupu iliyokuwa kando ya mlango, akaiweka chini mwisho wa laini, akasimama nyuma yake. Alisimama tu, kama mtu aliyeleta mahindi.

Mpaka leo sijui kama alikuwa anaijua sheria ya baba au alikuwa amechanganyikiwa.

Watu walifika mlangoni. Walikuwa majirani zetu, hilo ndilo lililonitisha. Kulikuwa na rungu, mawe, vipande vya mbao vyenye misumari. Muuza mandazi, aliyekuwa akitupatia sisi watoto vipande vilivyoungua bure, alikuwa anabiringisha gurudumu kuukuu la gari, na aliyemfuata alikuwa na mtungi wa mafuta ya taa.

"Mzee, tupatie huyo mtu," muuza mandazi akasema.

"Huyo yuko kwa laini."

"Laini gani? Huyo ameiba baiskeli ya mtu wa maziwa!"

"Ameweka ndoo."

"Mzee, hiyo ndoo haina kitu ndani!"

"Nimesema ameweka ndoo. Kwangu mtu hatolewi kwa laini. Akishasagiwa, atatoka mwenyewe."

Kisha baba akanyoosha mkono, akazima swichi kubwa ya ukutani. Mashine ikafa. Kimya kikaingia, na katika kimya hicho baba akatangaza kwa sauti ya kazi, "Stima imepotea. Walio kwa laini wangoje."

Ng'ambo ya barabara redio ya kinyozi, inayotumia stima ile ile, ilikuwa inaimba kwa nguvu zake zote. Kila mtu aliisikia. Kuna mmoja alicheka, naapa, na kwa muda mfupi nilidhani mambo yataishia hapo, watu watacheka na kwenda zao. Badala yake jiwe likaja likagonga mabati juu ya kichwa changu.

Wanaume walisogea waingie, lakini mlango ulikuwa umejaa wanawake wa laini, kila mmoja na chombo chake. "Ondokeni, akina mama!" Mama wa mboga, mnene, mwenye mdomo, akaketi juu ya debe lake pale pale kizingitini. "Mimi nimekuja hapa na giza," akasema. "Nikitoka, ni wewe utanirudishia nafasi yangu?" Wengine nao wakakaa. Nakuambia ukweli, si huruma iliyowakalisha. Wawili watatu kati yao walikuwa wanapiga kelele achomwe, tena kuliko wanaume. Ila hakuna aliyekubali kupoteza nafasi yake. Wakawa ukuta, wanatukana mwizi na hawasogei.

Muuza mandazi akajaribu kuwaruka. Baba alikuwa na chuma kile alichotumia kuzibua mashine, akampiga nacho mkononi, na nikasikia mfupa ukivunjika. Mpaka leo nikivunja muwa huwa nasikia sauti ile. Muuza mandazi alilia kama mtoto. Mawe yakaanza kuja kwa pamoja. Mama mmoja akapasuliwa paji la uso, magunia yakatoboka, unga ukapaa ndani mpaka hatuonani. Baba akanipigia kelele, "Ingia nyuma ya magunia! Funga macho!" Niliingia, lakini macho sikufunga, na ndiyo sababu niliona jiwe lililompata. Lilimpata jicho la kushoto. Alirudi nyuma hatua, akaushika ukuta, kisha akarudi mlangoni. Damu ilikuwa inashuka kwenye uso wake mweupe wa unga na kugeuka uji mzito mwekundu, na yeye anapiga chuma hewani bila kuona, anarudia neno lile lile, "Yuko kwa laini! Yuko kwa laini!"

Nilikuwa na hakika nimefiwa na baba. Nilikaa nyuma ya magunia nikimwomba Mungu amtoe nje yule mtu wa ndoo, wamchukue, wamfanye watakavyo, baba aache kupigwa. Niliomba hivyo kwa moyo wote, na nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili.

Polisi walikuja kwa sababu mke wa kinyozi alikimbia kituoni. Walipiga risasi hewani, watu wakatawanyika, gurudumu likabaki limelala barabarani. Yule mtu wa ndoo alikuwa amelala nyuma ya mashine ameikumbatia ndoo kwa mikono miwili. Walipokuwa wanampandisha kwenye gari bado anayo, na mwenye ndoo akaanza kumfuata akipiga kelele, "Ndoo yangu! Ameiba na ndoo yangu!" Ilibidi askari amfungue vidole kimoja kimoja.

Kama aliiba baiskeli, sijui. Wengine walisema ilionekana baadaye nyuma ya baa, mtu wa maziwa aliisahau huko akiwa amelewa. Wengine walisema hiyo ni baiskeli nyingine. Jicho la baba halikupona.

Wanawake wale walirudi Jumatatu kumaliza kusagiwa, kwa sababu nafasi ni nafasi. Mama akawasagia, baba akiwa bado hospitalini. Baada ya hapo hawakurudi tena. Walibeba mahindi yao vichwani hadi kisiagi cha mtaa wa West Indies, wakapita mbele ya mlango wetu wakitazama upande wa pili. Watoto waliniita mtoto wa baba wa wezi. Siku moja tukakuta mkanda wa mashine umekatwa kwa kisu. Mama alikuwa analia kwa hasira, "Umetoa jicho na kazi kwa mtu hata jina lake hulijui." Mashine iliuzwa, nasi tukahamia Yamumbi, baba akapata kazi ya kulinda mbao za mtu. Mtu aliyekuwa bwana wa mlango wake akawa anafungulia wengine geti na kusema "Karibu, bosi." Mimi nilimkasirikia miaka mingi. Na kila asubuhi aliendelea kunipigia pasi sare, akiinamisha kichwa ili jicho lililobaki lione kola.

Nilimuuliza mwaka jana, wakati ugonjwa umeshamlaza. Tulikuwa nje kwenye jua, mimi napukuchua mahindi, yeye amefunikwa blanketi. Nilitaka kusikia kitu cha kuwasimulia watoto wangu. "Baba, siku ile ya yule mtu wa ndoo. Ingetokea tena, ungefanya vile vile?"

Alifikiria sana. Kuku wakala punje zangu na sikuwafukuza.

"Hapana," akasema. "Niliogopa sana siku hiyo. Ningepata muda wa kufikiria, mwanangu, ningewapatia."

Tulimzika mwezi uliofuata. Nilikaa na jibu lile likiniuma, nikiona ameninyang'anya shujaa wangu, mpaka juzi pale Munyaka nikitembea kurudi stendi. Nyumba zote sasa zina geti la chuma, zina kamera, zina kitundu cha kuchungulia. Ukigonga, mwenye nyumba anakutazama kwanza, anauliza wewe ni nani, unataka nini, nani amekutuma. Nami kwangu niko hivyo hivyo. Baba hakuwa na mlango wa namna hiyo; kwake ukiweka ndoo umeshaingia, hakuna wa kukuuliza wewe ni nani. Sisi sote tunao, na tuna muda mwingi sana wa kufikiria.