Jicho la Kushoto la Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Kombani, na mimi bintiye ndiye niliyemshika mkono kumpeleka kupasuliwa jicho. Hakunisamehe.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Alikuwa ameanza kugonga miimo ya milango na kukanyaga kuku, ilhali uzi aliutunga sindanoni bila taabu. Daktari wa macho alipompima alisema ni glakoma, macho yote mawili. Maji yamejaa ndani ya jicho, yanaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, hata damu haiufikii sawasawa, nao unakufa kidogo kidogo. Angeyafungulia maji njia ya kutokea, presha ya jicho ishuke, damu ipate kupita. Wangeanza na jicho la kulia.

"Palipokwisha kufa hapafufuki," alituambia. "Tunaokoa kilichobaki."

Mimi nilimsikia. Baba alisikia alichokitaka.

Bandeji ilipotolewa, jicho lilikuwa jekundu, na giza la pembeni liko pale pale. Wiki za mwanzo hata katikati aliona ukungu. Akasema mbele ya wateja kwamba nimemuuza kwa wenye visu. Nikimwamkia shikamoo, aligeukia cherehani yake. Nami nina ulimi. Nilimwambia kwamba angenisikiliza mapema, badala ya kujitia maji ya majani machoni, kungekuwa na kikubwa zaidi cha kuokoa. Tangu hapo nilimwekea chakula mkekani na kuondoka.

Ukungu ulitoweka. Daktari alipompima tena, presha ilikuwa imeshuka. Akasema mshipa sasa unapata damu yake, na la kushoto lisicheleweshwe. Baba alisimama, akaupapasa mlango.

"Hili simpi mtu," alisema. "Na wewe usinifuate."

Nilimfuata hadi barabarani. Tulirudi kwa gari moja, viti mbalimbali.

La kushoto lilizima kabla ya mwaka kwisha. La kulia lilibaki na uwazi wake mdogo wa katikati, akashona nalo kanzu na sare za shule kwa miaka mingi. Wateja walipomuuliza, alijibu kuwa la kushoto liliharibiwa na bintiye na daktari wake, na la kulia Mwenyezi Mungu amemhifadhia. Nami nimekaa hatua mbili kutoka kwake, natia vifungo. Sikumsahihisha. Ukweli aliujua, ndiyo maana alinichukia, na mimi sikuwa tena na hamu ya kupendwa naye.