Siku ya Kuoshwa Kichwa

Mimi nasaga mahindi hapa Masii, na ile mashini ilishanila masikio, kwa hivyo kuongea kwangu ni kupiga kelele. Nikiomba chumvi mezani kuku wanakimbia. Shule niliachia katikati, lakini kwa upande wa sauti nilimaliza na cheti.

Sasa ongeza lastiboni wetu, kitinda mimba. Amepewa jina la mama yangu, kwa hivyo namwita mwaitu, vile sisi Wakamba tunamwita mama. Huyu mwaitu wangu anapenda kila kitu hii dunia isipokuwa maji kwa kichwa. Mwagia yeye jagi moja tu, atapiga nduru mpaka mbuzi za jirani ziache kula. "Uuwi! Baba ananiua!" Na mimi hapo juu ya karai na sabuni mkononi, "TULIA! NIMESEMA UTULIE!" Ukiwa nje ya ua, ukisikia tu bila kuona, hata wewe utapiga simu.

Mtu akapiga.

Ofisa wa watoto alikuja na mzee wa mtaa. Alikuwa mama wa makamo, mpole, viatu vimejaa vumbi yetu. Nikamkaribisha kwa moyo wote. Akarudi nyuma hatua.

"Baba, mbona unanifokea?"

"SIFOKI MADAM, NI MASHINI!"

Tulianza vibaya hivyo. Akaangalia mikono ya mtoto, akaangalia mgongo, akauliza analala wapi na anakula nini. Akakunywa chai, akaenda. Mimi nilicheka wiki nzima. Kule mashini nilikuwa naigiza vile alishtuka, wateja wanajishika mbavu.

Halafu akarudi. Mtu alikuwa amepiga tena. Hii mara chai ilikuwa mezani na hakuigusa, na hapo ndio kicheko kilinikauka. Mke wangu alikuwa amesikia habari ya watoto wawili upande wa Mwala, walipelekwa makao ya watoto, na sasa wazazi wanaenda kuwaona kama wageni, wanakaa kwa benchi na ndizi kwa mfuko.

"Wewe cheka tu," akaniambia. "Hata wale walikuwa wanacheka."

Kutoka hapo hatukutulia. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na geti yetu, mke wangu anachukua ufagio. Mtoto akianguka akichubuka goti, badala ya kusema pole, mimi nauliza nani ameona. Kwa soko nilikuwa naangalia majirani mmoja mmoja, huyu ananunua nyanya, je, ni yeye? Yule ananisalimia sana, mbona ananisalimia sana? Kinyozi nilienda na mtoto, nikifikiria tumnyoe yaishe, lakini alivyowasha tu ile mashini yake nduru ilitoka, watu wakajaa kwa mlango, nikambeba nikatoroka naye kama mwizi wa mtoto.

Basi tukaamua, kwa akili zetu mbili, kichwa kisioshwe. Miguu ndiyo, mikono ndiyo, uso kwa kitambaa. Kichwa tukavalisha kofia ya sufu. Machakos, jua lile, mtoto na kofia ya sufu! Boma ikanyamaza. Tukajiona wajanja sana mpaka mwalimu akavua ile kofia darasani. Najua alivua kwa sababu mwenyewe aliniita, akaniambia mtoto ananuka kichwa na ameanza vidonda, na kwamba yeye lazima aripoti. Ukiosha unaripotiwa, usipoosha unaripotiwa.

Safari hii mke wangu alisema lazima tujitayarishe. Akaweka mtoto kwa stuli, akawa ndiye ofisa.

"Ukiulizwa kama baba anakupiganga, sema hapana. Umesikia? Sema hapana."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nikaona tumeiva.

Ofisa alikuja Jumamosi. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza polepole, "Baba anakupiganga?"

"Sema hapana," mtoto akasema.

Kalamu ikasimama.

"Nani amekuambia useme hivyo?"

"Mama."

Ofisa akainuka, akajipangusa magoti. Akasema hii ni mara ya tatu, na sasa hawezi tena kuandika kwamba ameona kila kitu sawa. Mtoto labda akae mahali pengine kidogo wakichunguza. Alitamka hiyo "kidogo" taratibu, na mimi nikaona benchi na ndizi.

Sikuwa na maneno mazuri, nilikuwa na karai. Nikaileta hapo uani, nikamwekea jagi na sabuni.

"MADAM, MUOSHE WEWE. KICHWA."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto na vile vidonda. Akakunja mikono ya blauzi. Jagi ya kwanza tu, "Uuwi! Madam ananiua!" Sijawahi kusikia akipiga nduru vile. Majirani wakatokea kwa ua mbio, mama mmoja mbele na simu sikioni tayari, wakapata ofisa wa watoto na povu mpaka kiwiko. Hakuna mtu alicheka. Yule wa simu akairudisha kwa mfuko, akaangalia mbuzi zake.

Ofisa akamaliza kuosha. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa kifua. Akamfunga mtoto leso, akamuuliza kama ameumia.

"Wewe hujui kuosha," mtoto akamwambia. "Baba anaimbanga."

Hiyo hatukuwa tumemfundisha. Ofisa akageuka. "Unaimba nini?"

Ikabidi niimbe, mtu mzima, mbele ya majirani, wimbo niliotunga wa kichwa na chawa kugombania shamba. Nilivyofika pale chawa anaenda kwa chifu, mtoto akadakia. Mbuzi zikaacha kula.

Ofisa akatupatia dawa ya kupaka, akasema mtoto abaki hapa kwanza, na yeye atarudi. Siku hakusema.

Kwa hivyo Jumamosi bado tunaosha, nduru ni ile ile, na mimi naimba. Mke wangu anasimama karibu na geti. Pikipiki ikipunguza mwendo nanyamaza, na mtoto anafungua jicho moja kwa povu, ananigongea mguu niendelee.