Mtani Wangu na Maganda ya Komamanga

Miaka ile ya baada ya vita nilikuwa nimepanga Temeke, na tumbo langu lilikuwa limenichoka. Lilikaa kimya miezi miwili, kisha likanikimbiza chooni mara nane kwa siku, mara nyingine na damu. Mganga wa zahanati alilibonyeza, akasema utumbo umevimba, na ugonjwa wa namna hiyo huenda ukarudi. Dawa yake ilinisaidia wiki moja.

Kukaa mahali pamoja sijui. Shule niliiacha darasa la tatu ili nikaone treni inaishia wapi. Sasa nilikuwa nimeahidiwa kazi ya utingo kwenye lori la kwenda Songea, mji nilioutamani tangu nilipolisikia jina lake. Dereva alinipa sharti moja: "Lori langu halisimami kila kichaka. Siku kumi, ulitengeneze hilo tumbo."

Nikaenda kwa bibi mmoja wa Kizaramo aliyejulikana mtaani kwa dawa za tumbo. Kosa langu ni kumwambia kwetu Tabora. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakuhurumii hata ukiwa umejikunja kama jamvi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe Mnyamwezi! Wenzio walibeba pembe za ndovu toka bara, wewe tumbo lako tu limekushinda?"

Akanipa maganda makavu ya komamanga, nichemshe, ninywe kikombe asubuhi na jioni. Kisha miiko: "Usile pilipili. Usile embe bichi. Usinywe tembo. Usiimbe chooni. Na ukipita mlangoni kwangu, pita kinyumenyume."

Nyumbani nikaketi kuchambua: upi mwiko, upi utani? Mzaramo kumnyima Mnyamwezi tembo, huo utani mtupu, na embe na pilipili vivyo hivyo. Lakini kuimba chooni, hapo niliona pana siri ya dawa. Basi siku sita sikuimba. Nikapita mlangoni kwake kinyumenyume, wanawake wa kisimani wakinipigia vigelegele. Na kila jioni nikateremsha komamanga kwa tembo, na embe bichi la pilipili.

Siku ya saba chooni ndiko kulikokuwa kwangu. Siku ya kumi lori likapakia Kurasini, likaondoka na utingo mwingine.

Bibi alikuja kunitazama. Nilipomweleza yote alicheka hadi kanga ikamdondoka kichwani. Akatoka, akarudi na jirani yake, mama wa Kipare.

"Huyu si mtani wako. Msikilize yeye."

Mama yule akataja matatu tu, bila kutabasamu: pilipili, embe bichi, tembo.

"Na kuimba?"

"Kuimba kumefanyaje?"

Safari hii niliyashika. Damu ikakoma, tumbo likatulia polepole. Nilitaka sana kujua kilichonisaidia ni maganda au kuacha tembo, nikawaza kurudia kimoja nione, lakini bibi akaapa kwamba nikijaribu atanirudisha Tabora kwa miguu.

Dereva aliporudi nilimfuata Kurasini.

"Umepona?"

"Sijapona. Limetulia. Laweza kurudi."

Akafungua mlango wa lori. "Yule mwenzio alikuwa na tumbo zima, akaniapia ameziba tairi, kumbe amelala. Panda. Likikuanza, gonga kabini, nitasimama."

Mpaka Songea niligonga mara moja tu, tulipokuwa tukivuka mto mmoja mkubwa. Akafunga breki, akaruka chini na kopo la maji mkononi, nami nikamwuliza mto ule unaitwaje.