Leo Tu, Mwanangu

Mtaani tulimwita Bwana Pindo, kwa sababu suruali aliyoipinda yeye ingechakaa yote kabla pindo halijaachia. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, ubavuni mwa fundi viatu, na hakuhitaji kibao cha kumtangaza. Kisha macho yakaanza kumgomea. Ya mbali aliyaona vizuri. Aliweza kumtambua mteja tangu anapokata kona. Kilichomshinda kilikuwa tundu la sindano.

Hakumwambia mtu. Aliamini kwamba siku fundi nguo atakapovaa miwani, wateja watahama kimyakimya. Siri hiyo aliijua kitindamimba wake peke yake, msichana wa darasa la sita. Asubuhi alimtungia baba yake uzi, ndipo akachukua mkoba kwenda shule. Lakini uzi hukatika, na siku za kazi nyingi hukatika zaidi. Siku kama hizo baba alisema, huku akijifanya anatafuta mkasi, "Leo tu, mwanangu. Kesho utaenda."

Mama mtu alikuwa mfanya usafi hospitalini. Alimwacha binti akivaa sare, na aliporudi jioni alimkuta bado ana sare. Hakuwa na sababu ya kuuliza.

Aliyeuliza alikuwa mwalimu wake wa hesabu, dada mmoja mpole, ambaye siku moja alipita kibarazani akitoka kazini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Tunapunguza au tunaachia?"

"Leo sina nguo. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Fundi viatu akaacha kugonga nyundo ili asikie vizuri.

"Si mvivu," mwalimu aliendelea. "Akija, anasikiliza. Ila anakuja kwa kurukaruka. Somo la leo limekaa juu ya la jana, na la jana hakuwepo. Mtihani wa kufunga muhula uko mlangoni. Akishindwa, atarudia darasa."

"Ni dharura tu, mwalimu. Siku mojamoja."

"Hizo mojamoja ndizo zinazojaza kikapu, baba yangu."

Bwana Pindo aliahidi, na aliahidi kwa moyo. Mwalimu alipoondoka, fundi viatu, ambaye kwa kukaa ubavuni alikuwa ameshang'amua, akasema bila kuinua kichwa, "Dharura yako ina tundu dogo sana, jirani."

"Gonga viatu vyako."

"Nagonga. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua."

Ahadi ilidumu mpaka alipokuja mama mmoja na kitambaa cheupe cha hariri. Mdogo wake alikuwa anaolewa, naye alitaka blauzi na sketi kabla ya mwisho wa juma. Asubuhi iliyofuata binti alikuwa ameshavaa mkoba begani.

"Leo tu, mwanangu. Kweli tena."

Akauvua mkoba, akaketi.

Alitunga sindano, akapachika vifungo vya nguo nyingine. Ilipofika zamu ya hariri, baba alichora mstari wa chaki, akainama, akainuka, akainama tena. Juu ya kitambaa cheupe hakuuona. Hapo akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alimkabidhi mtu mwingine mkasi wake.

"Kikunje wewe. Theluthi moja ni ya blauzi, theluthi mbili za sketi. Ukishapata theluthi, kata."

Binti alikikunja kitambaa katikati. Akachukua nusu moja, akaikunja tena katikati. Akahesabu kwa macho, akaridhika, akakata taratibu na kwa unyoofu, kama alivyomwona baba yake akikata. Kisha akampelekea kipande cha blauzi.

Bwana Pindo alikipima kwa mikono. Vidole vyake havikuwa na ugonjwa wa macho.

"Hii nini?"

"Theluthi, baba. Si vipande vitatu? Hiki kimoja."

"Vitatu vilivyo sawa, mama. Hii ni robo. Hapa hata mkono wa blauzi hautoki." Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Darasa la sita mzima, hamjafundishwa sehemu?"

"Tumefundishwa."

"Sasa?"

Binti alitazama sakafu. Hakusema kwa jeuri. Alijibu kwa sababu ameulizwa.

"Siku ile nilikuwa hapa, natunga sindano."

Fundi viatu akaokota kiatu kingine, akaanza kugonga.

Bwana Pindo alikunja ile hariri iliyoharibika kama inayokwenda kwa mwenyewe, pembe kwa pembe. Siku hiyo alifunga kazi mapema. Alimweleza mteja ukweli wote, akatafuta kitambaa kingine kama kile, na jioni alimweleza mkewe. Ya huko ndani hatukuyasikia, ila kesho yake cherehani haikulia. Mkewe alikuwa amemshika mkono mpaka kliniki ya macho ya hospitali anakofanya kazi.

Asubuhi ya siku aliyoahidi kuikabidhi nguo ya harusi, yule mama alikuwa amesimama kibarazani, na nyuma yake wateja wengine wawili. Uzi ukakatika.

Binti alikuwa ameshashuka ngazi. Alisikia cherehani ikinyamaza, akasimama, mkono tayari kwenye mshipi wa mkoba.

"Baba, nikutungie haraka?"

Bwana Pindo aliwatazama wateja, akamtazama mtoto. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa miwani, akaivaa mbele yao wote.

"Nenda, mama. Utakuta wameanza."

Akaenda, kwanza kwa kutembea, halafu mbio.

"Shikamoo, profesa," fundi viatu akasema.

"Marahaba. Na hivyo viatu vyako, sasa nauona mshono wake. Ulikuwa unawadanganya watu muda gani?"

Wateja walicheka. Yeye aliinamisha kichwa, akalenga uzi, akakosa, akaulamba ncha, akalenga tena.