Pilau ya Petroli

Hadi leo pilau ikinukia jirani, mimi nasikia petroli. Si kosa la pilau. Ni kosa la wanaume watatu na boti moja, na nikiikumbuka siku ile uso wangu hujikunja wenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi. Mume wangu alikuwa karani wa ofisi ya kilimo Voi. Walimpunguza, akarudi nyumbani Mbololo, akakaa uani akichokoa meno hata siku ambazo hatukuwa tumekula nyama. Kisha siku moja akaamka na boti kichwani. Alikuwa amesikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Voi anayo ya injini mbili, aliyoileta kwa lori kutoka Mombasa, na sasa anataka kuiondoa uani kwake. Mume wangu akaona Ziwa Jipe lote ni lake. Atanunua samaki kwa wavuvi wa mitumbwi na kuwahi nao Taveta, atawatembeza wageni waone viboko na ndege. Huyu ni mtu aliyekulia mlimani, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia ni ya beseni.

Mwenye boti hakutaka pesa. Alitaka shamba letu la bondeni. Hati ya shamba ilikuwa na jina la mume wangu, lakini mgongo uliouma ulikuwa wangu. Nilikuwa nimelilima tangu niolewe, mahindi na mihogo, na mbaazi ambazo mbegu yake nilipewa na mama yangu, zenye madoadoa mekundu ambayo huyaoni kwenye mbaazi za watu wengine. Niligombana na mume wangu mpaka majirani wakaacha kupita njia ya kwetu. Mwisho alikubali jambo moja tu. Injini zingekaguliwa na fundi mbele yangu, na fundi akisema ni mbovu, hakuna kubadilishana. Basi shamba langu likawa linategemea mdomo wa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa binamu yake, aliyetengeneza malori yanayoharibika kwenye barabara ya Mombasa. Ujanani aliwahi kufanya kazi kwenye boti za pwani, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Siku ya ukaguzi alitupakia kwenye pikapu yake, mimi katikati, akatoa somo njia nzima.

"Shemeji, injini ya boti haikaguliwi kwa macho. Ukifika, ishike kwanza. Lazima iwe baridi. Ukiikuta na moto, mwenyewe ameiwasha mapema kukuficha kitu, maana injini mgonjwa ikishapata moto inawaka kama nzima. Halafu ile oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani, achana nayo. Halafu kuna katundu hapa nyuma, lazima katoe maji kwa nguvu. Kasipotoa, hiyo injini haipoi. Itaungua na wewe uko katikati ya viboko."

Nilimpenda fundi yule mpaka tulipofika Voi.

Boti ilikuwa uani, imeinuliwa juu ya matairi ya lori na kufunikwa turubai. Turubai lilipovutwa, kuku alitoka ndani akipiga kelele na kutuachia yai na kinyesi. Rangi ya buluu ilikuwa mpya, bado inanata. Niliikwaruza kwa ukucha, ikabanduka pamoja na unga mweupe wa chumvi na kutu. Mwenye boti, mtu wa mikono laini na kicheko cha haraka, alinitazama ukucha, kisha akamgeukia mume wangu.

"Karibu, Kapteni!"

Kapteni! Mume wangu alivimba kifua hapo hapo. Ametoka kupunguzwa kazi, hajagusa usukani wa baiskeli, na tayari ameshavishwa kilemba cha ukoka na kimemkaa vizuri. Nilimwonea huruma kidogo, na kinyaa zaidi.

Sikungoja mtu. Niliweka mkono juu ya injini ya kushoto. Ilikuwa na moto wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikaweka mkono juu ya ile ya kulia. Baridi.

"Hii ina moto," nikasema.

"Jua la Voi hilo, mama," akasema mwenye boti. "Linapasha hata mawe."

"Na hii ya pili ina jua lake?"

Alicheka. "Mama Kapteni mkali!" Fundi naye akaigusa ile ya kushoto, akaondoa mkono upesi, akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

Injini ya namna hiyo haiwashwi kavu, lazima mguu wake uwe majini. Na Voi miaka ile maji yalikuwa ya mkokoteni. Mifereji ilikohoa hewa tu, na mwanamke aliyejaza pipa alilala usingizi mzuri. Mwenye boti akaamuru pipa la jikoni litolewe. Mke wake, mzaliwa wa pwani aliyejifunga leso kiunoni kwa kazi, alikuja nyuma ya pipa huku ameshika kifuniko.

"Hayo ni maji ya kunywa," alisema.

"Yatanunuliwa mengine."

Mwanamke alibaki amesimama na kifuniko mkononi, hana cha kufunika. Waliifunga injini ya kushoto juu ya ubao, wakaitumbukiza mguu ndani ya pipa. Kamba ikavutwa, injini ikakohoa, ikashika, ikajaza ua moshi. Maji ya kunywa yakageuka rangi. Kwanza mafuta yalitandaza rangi rangi juu yake, kisha likaja povu la kahawia, kisha vipande vyeusi vya sijui nini. Kile kitundu cha fundi hakikutoa maji kwa nguvu. Kilidondosha, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Injini ilipozimwa, fundi akafungua skrubu ya gia, ikamwagika chai ya maziwa, nyeupe kabisa, chini kwenye mchanga. Kuku akaja akaidonoa, akafuta mdomo ardhini, akaenda zake. Ile injini ya pili kamba yake haikuvutika hata kidogo. Mwenye boti alisema hiyo ni ya akiba.

Sitaficha, moyo wangu ulifurahi. Yote aliyoyasema fundi kwenye pikapu yalikuwa yametokea mbele ya macho yetu. Nilisimama nikingoja afungue mdomo nirudi shambani kwangu.

Mwenye boti alimwahi. "Karibuni chakula kwanza. Mambo ya kazi tutayazungumza tukishashiba."

Mtu wa kwetu haisemi vibaya mali ya mwenyeji huku chakula cha mwenyeji kiko tumboni. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Ndiyo sababu baba yangu, akienda kutazama ng'ombe wa kununua, alikataa hata maji mpaka amalize kusema alichokiona. Fundi alilelewa hivyo hivyo. Mume wangu pia. Na mwenye boti, aliyekuwa ameishi kati yetu miaka mingi, alilijua hilo kuliko sisi. Nilimvuta fundi shati, nikamwambia aseme kabla hajakaa. Alinong'ona, "Shemeji, tutaonekana watu gani?" Akavua viatu akaingia.

Nikaenda jikoni. Mke wa mwenye boti alikuwa akipakua pilau kwenye sinia.

"Usile, mwenzangu," alisema bila kugeuka. "Tangu alfajiri anaivuta hiyo mashine, inamkatalia, anaitukana, anaivuta tena. Pilau hii hakunambia nipikie wageni. Kanambia nipike wanyamaze."

Kisha akachukua birika na bakuli la kunawia. Nilidhani atachota kwenye dumu dogo la maji safi lililobaki mlangoni. Akalipita. Akaenda mpaka kwenye pipa, akasukuma povu pembeni kwa kata, akajaza birika. Aliponikuta namtazama hakushtuka.

"Ndiyo maji niliyoachiwa," alisema.

Akawazungukia wanaume mmoja mmoja, akiwamiminia maji kwa heshima zote, macho chini, kama mke mwema. Vidole vyao viling'aa kwa mafuta. Mume wangu alivinusa vyake, nilimwona. Alivinusa, akamtazama mwenyeji, kisha akavitumbukiza kwenye pilau. Fundi alimeza tonge la kwanza kwa shida, machozi yakamlengalenga. Mwenye boti mwenyewe alitafuna polepole, akamtupia mkewe jicho, akamega tonge jingine. Harufu ilikuwa chumba kizima, petroli na bizari na jasho.

"Tamu," akasema fundi.

"Tamu sana," akasema mume wangu, akajilamba kidole.

Mimi nilikuwa nimepakuliwa sahani yangu peke yangu, pale mlangoni. Nilisukuma sahani yangu mbali, nikasubiri mpaka sinia likawa jeupe. Kisha nikauliza, ili kila mtu asikie.

"Shemeji, njiani uliniambia injini iwe baridi, oili iwe safi, maji yatoke kwa nguvu. Umeona nini?"

Fundi alitazama mifupa iliyobaki kwenye sinia. Akacheua. Petroli ikanifikia nilipokaa.

"Shemeji, kitu cha mtumba hakikosi kasoro. Hii ni ya kurekebisha kidogo tu. Injini ni nzuri."

Sikushangaa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu aliyekula petroli akaiita tamu, angeiitaje injini? Nilisimama nikawaambia wote watatu wananuka. Mume wangu, Kapteni, aliniambia nikangoje kwenye pikapu. Kupitia kioo nikawaona wakitoka, wakipeana mikono ile ile, na shamba langu likaondoka hivyo.

Boti ilifika Jipe kwa lori. Siku ya kwanza ilikwenda umbali wa kumwita mtu akasikia, injini ikaungua ndani ya matete, na wavuvi wakaisukuma mpaka ufukweni kwa pondo huku wakicheka. Ikabaki hapo. Mume wangu alirudi kwenye kiti chake cha uani. Fundi alisema petroli ya Taveta ni mbaya, kisha akaacha kututembelea.

Msimu uliofuata nilikuwa kwenye soko la Voi nikitafuta mboga. Kwenye kona ya nafaka nikaona mbaazi zenye madoadoa mekundu. Sikuhitaji kuuliza. Nyuma ya gunia alikuwa ameketi mke wa mwenye boti. Alinitambua, akainamisha kichwa. Nikamfungulia kiondo. Akapima kopo moja, akaongeza nyongeza. Akaongeza tena. Akaendelea kuchota kwa mikono miwili bila kuinua uso mpaka kiondo kikakataa kufunga, na nilipotoa hela akaurudisha mkono wangu. Nilizibeba mpaka nyumbani, na hicho ndicho chakula cha kwanza kutoka nyumba ile nilichokubali kukitia mdomoni.

Nilizipika kwa nazi. Nilimmiminia mume wangu maji safi, akanawa, akala, akajilamba kidole kama siku ile.

"Mbaazi tamu hizi," alisema. "Umezitoa wapi?"

"Shambani kwangu."

Mkono wake ulisimama juu ya sahani. Kisha akamega ugali, akachovya, akaendelea kula.